Jiwe la Siku ya Tatu

Ijumaa ile Kamina nzima ilikula bukari ya mahindi matupu, ugali ule unaokwama kooni. Jana yake asubuhi Gaston Ngoie, mfanyakazi wa pompe ya maji ya reli, alionekana akielea kifudifudi katikati ya bwawa la karieri, na kabla ya saa sita wanawake wa mtaa wa cité walikuwa wameshatoa mihogo yao yote waliyokuwa wameilowesha humo, beseni kwa beseni, wakaimwaga nyuma ya reli. Mbuzi walipita, wakainusa, wakaendelea na safari yao.

Bukari ilikwama, lakini maneno hayakukwama. Wengine walisema ni mamba, ingawa karieri ile ni shimo tu lililochimbwa mawe ya reli na kujaa mvua, na mamba angelazimika kuja kwa treni. Wengine walisema ni mume wa mtu. Walio wengi walisema ni kamba mbovu ya Sadiki mwenye duka.

Brigadie Zacharie Kisimba aliyasikia yote, kwa sababu yeye hakuwa polisi wa kupita barabarani, alikuwa polisi wa kupita uani. Miaka kumi na miwili ya kazi ilimfundisha kwamba mtu anayeitwa ofisini huleta uongo uliofuliwa na kupigwa pasi, lakini mtu anayechambua majani ya sombe mlangoni kwake husema yaliyopo. Kwa hiyo asubuhi hiyo, kabla hajafika kazini, alikuwa ameshajua kwamba katekista amenuniana na shemeji yake. Kwamba Germaine, mke wa kapita Émile, msimamizi wa pompe, anazunguka mtaa tangu Jumatatu akiazima jiwe la kusagia karanga kwa kuwa lake limeibiwa. Kwamba marehemu Gaston alikuwa amefaulu mtihani wa fundi mkuu wa pompe, na Jumapili hii ndugu zake walitaka kupika pombe. Na kwamba Sadiki atapelekwa Elisabethville kesho, kwa treni ya saa sita, akiwa na pingu.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomfanya aongeze mwendo.

Ofisini Komisere alikuwa tayari na faili. Alimsomea Zacharie maelezo ya kapita Émile kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamini. Jumatatu asubuhi, Émile alisema, majani yaliziba mdomo wa bomba linalonyonya maji. Gaston aliingia kuyatoa. Alifungwa kamba kiunoni, Émile akabaki ukingoni ameshika upande wa pili. Gaston akaanza kuzama, Émile akavuta. Alikuwa bado ndani ya maji, kichwa tu kinaonekana, kamba ilipokatika. Kipande kilichobaki mikononi Émile alikitupa majini kwa hofu, na kwa hofu hiyohiyo akawaambia watu kwamba Gaston amekwenda Bukama kwa wajomba zake. Maiti ilipopanda juu Alhamisi, hofu ikamtoka, akasema kweli.

Kamba ilinunuliwa mwezi uliopita dukani kwa Sadiki. Komisere aliandika: ameuza kamba iliyooza, amesababisha kifo. Kichwa cha marehemu kilikuwa na ufa kwa nyuma, lakini chini ya karieri kuna mawe. Émile alikuwa mwoga, na woga si kosa la kupelekwa mahakamani.

Zacharie aliomba apewe kamba hadi jioni. Komisere alisema apewe, lakini saa kumi na moja faili inafungwa, iwe na kamba au isiwe nayo.

Sadiki alikuwa ameketi kwenye sakafu ya kasho, chumba cha mahabusu, kofia yake nyeupe ameiweka juu ya goti ili isichafuke. Watu wa kwao walikuja kutoka Maniema tangu enzi za babu, na duka lao la kamba, chumvi na taa lilikuwa hapo kabla kituo cha treni hakijapata paa. Hakulalamika. Aliuliza tu kama mkewe Safi amekula, kwa kuwa ana mimba ya miezi saba na hali kitu akiwa na hofu.

Zacharie alimwonyesha kamba. Ilikuwa imekatwa kiunoni kwa maiti bila kufungua fundo, urefu wake pima moja na nusu.

"Hii ni yako?"

"Ni yangu. Mimi mwenyewe nafungia magunia yangu ya samaki ya Bukama kwa hii." Sadiki aliipitisha vidoleni, akaikunja, akainusa. "Haijaoza, Brigadie. Kamba iliyooza inalia ukiikunja. Hii imenyamaza."

"Lakini ilikatika."

"Hata wewe ukisuguliwa sana utakatika." Akamrudishia. "Kule Elisabethville watauliza jina langu, watauliza watu wa kwetu, basi. Mtoto atazaliwa baba yake akivunja mawe. Angalia ile ncha vizuri. Nakuomba hiyo tu."

Zacharie aliiangalia nje, juani. Kamba inayokatika kwa kuvutwa huwa na nyuzi ndefu na fupi, kila moja imekufa kivyake. Hii ilikuwa imelika upande mmoja, laini kama mswaki uliozeeka, na katikati ya nyuzi kulikuwa na unga wa jiwe, wa kijivu. Nyuzi chache tu za mwisho ndizo zilizong'oka. Halafu fundo. Lilikuwa limekaa mgongoni. Mtu anayejifunga mwenyewe hufungia tumboni. Lakini Komisere angesema alifungwa na mwenzake, na Komisere asingekosea.

Akaikunja kamba, akamwita Kapenda, polisi mnene kuliko wote kituoni, wakaenda shule ya misheni.

Monitere Lazare alikuwa amemaliza darasa. Alikuwa mtu mwembamba aliyejaa chaki mpaka kwenye nyusi, na alifurahi kuulizwa kitu na mtu mzima. Alileta mizani yake ya ndoano, ile yenye resori, yaani springi, ndani, inayosoma hadi kilo kumi. Nyuma ya shule kulikuwa na tangi la saruji la maji ya mvua, kina chake kifuani.

Kwanza waliifunga kamba kwenye boriti ya veranda, Kapenda akaning'inia. Kilo sabini na nane, alizopimwa mwezi uliopita kituo cha mizigo. Boriti ililia, kamba haikulia. Kapenda aliruka mara mbili tatu kwa kujitolea, mpaka Lazare akamwomba aihurumie shule.

"Sasa ingia mu maji," Zacharie akasema.

"Na nguo?"

"Gaston aliingia na nguo."

Kapenda aliingia akinung'unika kwamba mama yake hakumzaa awe kiboko. Wakamfunga kiunoni, Lazare akashika kamba kwa ndoano ya mizani, wakamwambia ainue miguu, atoe pumzi na ajilegeze kama mtu aliyekufa. Sindano ya mizani ikatikisika, ikatulia.

"Kilo mbili," Lazare akasoma. "Kasoro kidogo."

"Mizani iko mbovu."

"Mizani iko nzima, Brigadie. Ni maji." Akachukua chaki, akachora mtu ukutani mwa tangi, na mishale. Mmoja unashuka: uzito. Mmoja unapanda: maji. "Kila kitu kinachoingia mu maji kinayasukuma pembeni, na maji yanakisukuma juu, kwa nguvu sawa na uzito wa yale maji yaliyopisha. Mwili wa mtu na maji, uzito ni karibu sawa. Kinachobaki ni hii kidogo tu, na hii kidogo njo kamba inabeba. Mkazo wa kamba si uzito wa muntu. Ni kile maji yameacha."

"Na nikimtoa?"

"Vuta uone."

Zacharie alivuta. Mabega ya Kapenda yalipopita juu ya maji, sindano ilikimbia hadi mwisho wa mizani, na Lazare akapiga ukelele, kwani ile ilikuwa mizani pekee ya shule. Wakamwachia Kapenda arudi majini kwa kishindo.

Zacharie alisimama mbele ya mchoro huku maji yakimdondoka mikononi. Kamba iliyobeba sabini na nane hewani haiwezi kushindwa na mbili ndani ya maji. Kama kamba ya Gaston ilikatika, haikukatika mahali Émile aliposema.

Lazare, kwa kuwa ni mwalimu, alileta pingamizi mwenyewe. Je, kama mguu ulinaswa kwenye bomba? Hapo kamba isingebeba mwili tu, ingebeba nguvu zote za mikono ya Émile. Zacharie alifikiri. Émile alikuwa mtu mdogo, wa kilo hamsini na kitu. Hata angeegemea kamba kwa mwili wote, asingefikia uzito wa Kapenda. Na tena, mvutano wa dakika mbili hausagi kamba upande mmoja na kuijaza unga wa jiwe.

"Basi kuna kitu kingine kiliivuta," Lazare akasema. "Polepole, na kwa muda mrefu. Mimi sijui ni nini."

Saa ilikuwa imefika saba. Zacharie alikwenda kula kwa Mujinga.

Mujinga alikuwa mjane aliyeuza unga wa muhogo, na uani kwake hapakuwahi kuwa na kiti kitupu. Siku hiyo pia walikuwapo wanawake sita, samaki mmoja wa kugawana, na kilio kuhusu mihogo. Kila mmoja alitaja mabeseni aliyoyamwaga kama anayetaja jamaa waliofariki.

"Minyi njo nilipoteza kuliko wote," Mujinga alisema, akimsogezea Zacharie sahani. "Nililowesha Jumatatu. Jumatano mangaribi nikaenda kuongeza jiwe. Alhamisi nitoe, nianike. Bure."

"Jiwe gani?"

Wanawake waliangaliana, wakacheka, cheko la kwanza la siku hiyo.

"Mumusikie Brigadie. Miaka yote weye unakula bukari, haujue inatoka wapi?" Mujinga alipangusa mikono. "Siku ya kwanza muhogo iko ngumu, iko nzito, inakaa chini yenyewe. Unaweka jiwe moja juu ya kitunga, inatosha. Siku ya tatu inaanza kuoza. Inavimba, inatoa mapovu, inatafuta njia ya juu. Kama haukuongeza jiwe, inapanda, unakuta yote iko inaelea. Hata binti wa miaka kumi anajua. Bwanaume njo hawajue, kazi yenu ni kula."

Zacharie aliacha kutafuna. Tonge lilibaki mkononi.

"Jumatatu mpaka Alhamisi," alisema.

Cheko lilikatika. Mujinga alimtazama, kisha akatazama lile tonge, naye akaelewa, na mmoja baada ya mwingine wakaelewa wote. Hakuna aliyegusa samaki tena.

Walifika karieri saa nane: Zacharie, Lazare na Kapenda, na kamba mpya kutoka dukani kwa Sadiki. Safi ndiye aliyeipima, tumbo lake likigusa meza. Hakuuliza ni ya nini.

Kapita Émile alitoka kwenye nyumba ya pompe akifuta grisi mikononi. Alikuwa na medali ya Bikira shingoni na sauti ya upole. Alisalimu, akauliza habari za nyumbani, akasema maji yale yana matope na baridi, na kwamba mtu mmoja amekwisha kufa humo, inatosha.

"Tunatafuta kipande chako cha kamba, tata Émile," Zacharie akamjibu. "Kile ulitupa."

"Kitakuwa kimeoza."

"Siku ine? Basi Komisere iko na haki, Sadiki anauza mbovu. Tutaona."

Kapenda alizama mara tatu mahali maiti ilipoonekana. Mara ya nne alikaa chini mpaka Lazare akaanza kuhesabu kwa sauti. Alipotoka alishika ukingo, akatema maji.

"Iko jiwe. Kubwa, imeingia mu matope. Na kamba iko imefungwa pale."

Alirudi na kamba mpya, akalifunga, akapanda ukingoni. Wakavuta. Tope lilipoliachia lilikuja kwa urahisi, mkono juu ya mkono, hata Kapenda akasema ni jiwe la watoto. Kisha mgongo wake wa kijivu ukatokeza juu ya maji na mikono yote sita ikashuka kwa pamoja. Lazare alipiga magoti, kamba ikamchubua viganja. Walilitoa wakihema.

Lilikuwa jiwe la kusagia, limelika katikati kama sahani, na kona moja imevunjika. Kwenye ile kona kali kamba ilikuwa imeacha alama nyeupe, na pale pale ndipo ilipokatika. Zacharie alitoa kipande cha kiunoni, akaunganisha ncha na ncha. Vililingana kama mdomo wa juu na wa chini.

Lazare hakuhitaji chaki. Alisema taratibu, kama anayesoma. Jumatatu jiwe lilimvuta chini na kamba haikuwa na kazi kubwa. Mwili ulipoanza kuvimba ulikua, ukasukuma maji mengi zaidi, nayo yakausukuma juu zaidi. Mshale ukageuka. Jiwe lenyewe maji yalikuwa yameshalipunguza, lakini tope lililishika. Huyu anataka kupanda, hili halitaki kutoka, kamba ikakazwa katikati kama uzi wa gitaa, ikasuguliwa kwenye kona mchana na usiku, mpaka basi.

"Hakuna aliyemuvuta Gaston ili apone," Zacharie akasema. "Alipanda peke yake."

Émile alitazama jiwe. Kitambaa cha grisi kilikuwa kimetulia mkononi mwake.

"Jiwe ni jiwe," alisema. "Kamina iko nayo mingi. Muntu yeyote anaweza kutupa."

"Kweli. Na kamba je? Ulisema ulikuwa umeishika kwa mikono."

"Nilichanganyikiwa, Brigadie. Labda alikuwa amejifunga yeye mwenyewe. Barua ya mtihani ilimupa kiburi, kisha woga. Muntu anaweza kujiua."

"Na fundo la mugongoni? Na ufa wa kichwa, kwa nyuma?"

Émile alianza tena kufuta mikono kwa kitambaa.

"Gaston angekuwa fundi mkuu mahali pako kuanzia mwezi ujao," Zacharie aliendelea. "Na weye, wangekurudisha Luena, ku makaa ya mawe. Njo vile nilisikia."

"Bantu banasema mengi."

"Banasema. Twende kwako, tata Émile. Jiwe hili lina kiu ya karanga."

Walilipakia kwenye kigari cha mkono cha reli. Émile alitembea pembeni yake, kwa kuwa kukataa kungekuwa jibu, na Kapenda alitembea nyuma yake akidondosha maji. Njia nzima watu waliacha walichokuwa wakifanya, wakafuata. Kufika uani kwa kapita, palikuwa pamejaa kama msibani, lakini hakuna aliyelia bado.

Germaine alikuwa amepiga magoti jikoni, juu ya jiwe la kuazima la Mujinga, akisaga karanga za mchuzi wa mumewe. Zacharie alikuwa amewaomba wote wanyamaze, na kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa ule walinyamaza. Yeye na Lazare walilishusha jiwe kivulini, kamba ikiwa bado imelifunga, akauliza jambo moja tu: kama mama analijua.

Germaine alikuja akipangusa unga wa karanga kwenye kitenge. Uso wake ulifunguka.

"Ee, njo yangu. Angalia kona, ilivunjika siku tulihama kutoka Luena, ilianguka mu treni." Aliliwekea mkono, akalipapasa pale katikati palipolika. "Mama alinipa hii. Jumatatu naamka, haiko. Bwana yangu akasema, ni bezi waliiba, usisumbue bantu." Akainua macho kwa Zacharie, na furaha ilikuwa bado humo. "Asante, Brigadie. Mulimushika mwizi?"

Aliangalia wanawake wa mtaa wake, mmoja mmoja, wale waliomwazima mawe siku nne, na kila mmoja aliangalia chini. Ndipo akaiona kamba. Akaona matope. Akageuka kumtafuta mumewe, akamkuta amesimama mlangoni mwa ua, ameshika medali yake kwa mikono yote miwili, na Kapenda nyuma yake.

"Émile," alisema. "Jiwe yangu ilikuwa wapi?"

Émile alifungua mdomo. Labda alikuwa bado na hadithi moja. Lakini mkewe alikuwa ameondoa mkono juu ya jiwe, polepole, akaushika mbali na mwili wake kama mkono wa mtu mwingine, akisubiri. Na mbele ya mkono ule ile hadithi haikutoka. Aliketi chini palepale, kwenye vumbi la mlango.

Mujinga alisogea, akamshika Germaine kiunoni. Karanga zilibaki jikoni, nusu zimesagwa.

Zacharie alitazama jua. Ilikuwa haijafika saa kumi na moja.

"Kapenda," alisema, "rudi kituoni. Mufungulie tata Sadiki, umupeleke kwa mke wake, na umwambie ale." Kisha, bila kumtazama mtu aliyeketi mlangoni: "Pingu zake uniletee hapa."